Dogo wa mwamvuli, laini ya elfu hamsini na swali la nani alianza

Nianze kwa kusema kwamba hiki kisa nimekiunda mwenyewe, huyo dogo hayupo kwenye jalada lolote la polisi, ila kila kipande chake mtu wa Dar anakijua, na sheria nitakazotaja humu ni za kweli zipo. Nimekiunda kwa sababu kila mtu akinaswa kwa mtego wa simu siku hizi mitaani utasikia pande mbili tu, huku wanasema "kayataka mwenyewe", kule wanasema "wamemtega hiyo kesi haipo", na wote wawili wanakosea kwa namna tofauti.

Dogo ana miaka 23, anasajili laini chini ya mwamvuli Manzese, upande wa pili wa daraja la waenda kwa miguu. Ana mashine za mitandao miwili, anarudisha laini zilizopotea, anauza vocha, analipwa kamisheni ya kubangaiza. Stetasi yake ya WhatsApp kila siku ni ileile, "Nasajili laini, narudisha laini, njoo na namba ya NIDA dk 5 tu", na namba ya simu chini.

Sasa kumbuka toka Mei 2019 laini Tanzania zinasajiliwa kwa alama ya kidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ule mwisho wa Desemba 31 2019 ukasogezwa mpaka Januari 20, 2020 alafu zile zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Lengo lilikuwa mojawapo kuwamaliza wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Hawajaisha. Kilichotokea ni kwamba tapeli sasa anahitaji laini yenye kidole cha mtu mwingine, na hapo ndo soko la laini zilizosajiliwa tayari lilipozaliwa.

Kwenye kisa chetu kuna mama wa Kimara kaibiwa milioni na ushee kwa njia hiyo. Polisi wanafuatilia, laini inasoma jina la mzee mmoja wa Kilosa ambae hajawahi kutapeli hata kuku, mzee anasema mwaka jana alikuja Dar kutibiwa, laini yake ilipotea, akaenda kuirudisha Manzese chini ya mwamvuli. Mwamvuli gani? Hakumbuki. Ilikuwa ya rangi. Basi askari wa mtandao wanachukua namba za vijana wote wanaojitangaza Manzese, wanafungua akaunti ya WhatsApp yenye picha ya dada mmoja kavaa ushungi, wanaanza kurusha ndoano moja moja. Dogo ni mmoja wao. Hamna aliyemtaja, hamna laini ya kitapeli iliyotoka kwenye mashine yake, kosa lake mpaka hapo ni kuwa na mwamvuli mahali fulani. Hii itatusumbua baadae.

Chati ndo hii, nimeiweka kama inavyoandikwa.

Jumatatu. "Habari kaka angu. Ww ndo unasajili laini?" Dogo, "Ndio dada, karibu." "Nataka iliyosajiliwa tayari." "Hapo sina dada. Hizo hatuuzi, wanatufungia."

Jumatano. "Kaka angu nisaidie, mume wangu ananipiga, kanificha simu na kitambulisho, nataka nimpigie mama Tanga bila yeye kujua. Ntakupa 20." Dogo, "Pole sana dada angu. Kitambulisho sio lazima, kama namba ya NIDA umeikariri njoo tu na kidole chako." "Siwezi kutoka nje ananifungia." "Basi dada mi sina namna."

Ijumaa inakuja vois noti ya dakika nzima, dada analia. Tiki zinakuwa za bluu. Dogo hajibu.

Jumamosi jioni. "50. Nakutumia nusu saivi." Na kweli, simu ya dogo inalia, elfu 25 imeingia. Anakaa kimya kama robo saa alafu anaandika, "Dada utaniponza ww." Dakika mbili baadae, "Ngoja nione."

Jumapili dada anauliza "vp" mara mbili. Jumatatu asubuhi anakuja mama muuza mchicha kurudisha laini yake ya mtandao mmoja, dogo anamsajilia vizuri tu, alafu anamwambia "mama mashine inasumbua, weka kidole tena", na safari hii anashika mashine ya ule mtandao mwingine. Mama hana habari. Saa nane dogo anaipeleka laini stendi ya Mawasiliano, anakutana na dada ambae kweli ni dada lakini ana wenzie wawili askari kanzu nyuma ya daladala za Mbezi. Pingu.

Sasa tuanze na kilicho rahisi. Dogo katenda kosa? Ndio. Kusajili laini kwa utambulisho wa mtu asiyejua na kuiuza ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 na kanuni zake, na mwendesha mashtaka akiamua kuongeza chumvi kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo. Alijua ni kosa? Alijua, ameandika mwenyewe "utaniponza". Hapa watu wa "kayataka mwenyewe" wanafunga kitabu na kwenda kulala.

Na wale wa "kategwa kwa mtego kesi haipo" je? Hawa wameangalia muvi nyingi za Marekani. Kwetu ukifungua Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, pale kwenye sehemu ya utetezi wa jumla utakuta kukosea ukweli wa jambo kwa nia njema, utakuta ugonjwa wa akili, ulevi kwa masharti yake, umri mdogo, kulazimishwa, kujilinda. Kutegwa hakumo. Na usije ukajaribu kukupenyeza kwenye kulazimishwa, maana kulazimishwa kwa mujibu wa ile sheria ni kutishiwa hapohapo kuuawa au kuumizwa vibaya na wenzako mnaotenda nao, elfu 25 kwenye simu sio panga shingoni.

Kwa hiyo dogo akisimama mahakama ya Kisutu akasema "mheshimiwa nilitegwa", akaishia hapo, amekiri kosa kwa lugha ya kulalamika. Nimeona watu wanashauriana hivyo kabisa, "we sema walikutega". Sema, alafu?

Ila kutokuwepo kwenye orodha ya utetezi haimaanishi jambo lenyewe halina uzito, na hapa inabidi tutoke nje kidogo ya Dar. Sheria yetu imechukua mengi kwa Waingereza, JALA yetu, ile sheria ya matumizi ya sheria, Sura ya 358, inasema sheria za kwao za maamuzi ya mahakama (common law) na za usawa (equity) tunazipokea kama zilivyokuwa Julai 22, 1920, za baada ya hapo ni za kushawishi tu sio za kufunga. Waingereza wenyewe mwaka 1979 kwenye kesi ya Sang walisema wazi kwamba kutegwa sio utetezi, na hakimu hawezi kuutupa ushahidi eti kwa sababu tu umetokana na mtego, kama kuna huruma iende kwenye adhabu. Basi mawakili wengi wa huku wakaishia hapo. Ila Waingereza hawakuishia hapo. Mwaka 1984 wakatunga sheria ya polisi na ushahidi wa jinai iliyompa jaji mamlaka ya kukataa ushahidi unaoharibu haki ya kesi, na mwaka 2001 House of Lords, Mabwana waliokuwa mahakama yao ya juu kabisa, wakaamua kesi mbili kwa pamoja kwenye shauri la Looseley, na hizi mbili ukiziweka pembeni ya chati ya dogo utashangaa.

Ya kwanza, askari alipewa namba ya simu ya mtu, akapiga, akauliza kama anaweza kumpatia dawa, jamaa hapohapo akakubali. Hamna kubembelezwa, hamna hadithi. Mabwana wakasema huyo kapewa fursa ya kawaida ambayo mteja yeyote angempa, hukumu ibaki. Ya pili, askari walimuuzia jamaa sigara za magendo kwa bei ya kutupa, wakawa wanamlainisha huku wanaomba heroini, jamaa anasema yeye hiyo ishu sio yake, wanarudi tena na tena, mwisho akawatafutia kama kulipa fadhila. Jaji wa chini aliisimamisha kesi na Mabwana wakasema alikuwa na haki ya kuisimamisha, kwa sababu Serikali haiwezi kutengeneza kosa alafu ikageuka kulishtaki. Ona, sio kwamba kosa halikutendeka. Ni kwamba mahakama inakataa kutumika kumalizia kazi ya namna hiyo.

Dogo wetu ni wa kwanza au wa pili? Jumatatu ya kwanza alikuwa na nafasi ya kuwa wa kwanza, angejibu "ipo dada, 15" leo tusingekuwa tunaandika. Alijibu hatuuzi. Fursa ya kawaida ilikuja ikakataliwa. Kilichofuata hakikuwa fursa tena.

Wamarekani ndo wamelitafuna hili kwa muda mrefu zaidi, na kesi ya kwanza ambayo mahakama yao ya juu iliukubali utetezi huu inafanana na hii hadi inachekesha. Mwaka 1930, enzi pombe imepigwa marufuku, ajenti wa Serikali alikwenda kwa mtu mmoja North Carolina akijifanya mtalii, wakagundua wote walipigana vita ya kwanza ya dunia tena divisheni moja, wakawa wanakumbushana ya vitani. Katikati ya stori ajenti anaomba wiski. Jamaa anasema hana. Stori zinaendelea, anaomba tena. Mwisho jamaa akatoka akarudi na nusu galoni akauza dola 5. Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ikasema mtu huyu alistahili utetezi wa kutegwa uende mbele ya baraza la wazee wa mahakama (jury), kwa sababu lile wazo la kutenda kosa lilipandwa na Serikali kwa mtu ambae vinginevyo hakuwa na mpango huo. Hiyo ni kesi ya Sorrells, iliyoamuliwa 1932. Badilisha wiski weka laini, badilisha urafiki wa vitani weka dada anayepigwa na mumewe.

Na mwaka 1992 wakaongeza kitu ambacho kwa mitego ya mtandaoni kina uzito mkubwa kuliko vyote. Mkulima mmoja wa Nebraska alikuwa anaandikiwa barua na mashirika hewa ya Serikali kwa miezi 26 mpaka akaagiza kilichokatazwa, na mahakama ikasema upande wa mashtaka lazima uthibitishe kwamba mtu alikuwa na mwelekeo wa kutenda hilo kosa kabla Serikali haijamgusa. Sio baada ya kubembelezwa. Kabla. Maana mtu ukimpikia miezi yote hiyo, huo mwelekeo unaomkuta nao mwishoni umemuwekea wewe.

Haya, sasa kabla hamjambeba dogo mabegani, tusikilize upande wa pili maana una hoja nzito na mimi ningekuwa wakili wa Serikali ningezishikilia kwa meno. Hoja yangu ya kwanza wala sio "utaniponza". Ni ile "mama weka kidole tena". Mtu ambae hajawahi kufanya huu mchezo anaujuaje? Toka kukubali Jumamosi mpaka Jumatatu saa nane mzigo uko stendi, mbinu imekamilika, mashine ya mtandao mwingine imeshikwa kistadi kabisa ili mama asione meseji kwenye laini yake anayoitumia. Huo sio ujuzi wa kubahatisha. Mahakama zinazopima mwelekeo wa mshtakiwa huwa zinaangalia alikubali kwa haraka kiasi gani na aliweza kutimiza kwa urahisi kiasi gani, na hapa dogo anachechemea. Utetezi utajibu kwamba huo mchezo kila frilansa, yaani kijana wa kusajili laini kwa kamisheni, anaujua kwa sababu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na kampuni za simu zenyewe wanautangaza kila siku kuonya wateja, kujua jinsi wizi unavyofanyika sio kuwa mwizi. Ni jibu, halitoshi sana, ila ni jibu. Kitakachoamua ni mashine yenyewe. Kumbukumbu za usajili zipo, kidole kipi saa ngapi kwa wakala yupi. Kama miezi sita nyuma kuna vidole vya wateja vilivyosajiliwa mara mbili ndani ya dakika kumi kwenye mitandao miwili, mimi nafunga faili langu la utetezi nakwenda kuomba apunguziwe adhabu. Kama hakuna hata kimoja, basi "mwelekeo wa kabla" umekufa na aliyeuua ni ushahidi wa Serikali yenyewe. Cha ajabu kwenye kesi za namna hii hizo kumbukumbu hazitafutwi na upande wowote, watu wanabishana kwa hisia tu.

Hoja ya pili ni hela. Angekuwa mtu safi angerudisha ile 25. Kweli, na hapa sina cha kumtetea sana, ila geuza shilingi upande wa pili. Ile meseji ya muamala inaonyesha kwamba hela ilitumwa kabla hajakubali. Hakuomba. Hakutaja bei hata siku moja kwenye chati nzima, bei ilianza kwa dada, ikapandishwa na dada, ikalipwa na dada. Kwa hiyo kishawishi kina risiti, yenye saa na dakika.

Afrika Kusini hawa wameliandika kabisa kwenye sheria yao ya mwenendo wa jinai, kifungu cha 252A kilichoingizwa mwaka 1996, na mimi hicho ndo ningekibeba kwenda nacho mahakamani hata kama hapa kwetu ni cha kuazima. Kinasema mtego unaruhusiwa, ushahidi wake unapokelewa, mradi mwenendo haukuvuka kutoa fursa ya kutenda kosa, na kama ulivuka mahakama inapima. Inapima nini? Mlishawishi mara ngapi mpaka akakubali. Kishawishi kilikuwa cha aina gani na ukubwa gani. Mlicheza na huruma ya mtu, urafiki, shida zake za maisha? Mlikuwa na shaka yoyote juu yake kabla ya kuanza? Sasa weka alama mwenyewe. Kakataa Jumatatu, kakataa Jumatano, kanyamaza Ijumaa. Huruma, imetumiwa, tena ya mwanamke anayepigwa, na hapa niseme tu kwamba mimi binafsi hili ndo linaloniudhi zaidi kwenye kisa chote, maana kuna wanawake kweli wanaandika meseji kama hizo wakiwa wamefungiwa ndani, na kila frilansa wa Manzese atakayesikia kesi hii atajifunza kwamba meseji ya namna hiyo ni polisi. Shida za maisha, kijana wa kamisheni unamwekea 25 kwenye simu Jumamosi jioni.

Na shaka ya kabla? Hapo ndo tunarudi kwa mwamvuli wa rangi. Kanada mwaka 2020 mahakama yao ya juu ilikuwa na kesi mbili za polisi waliopiga namba za simu zilizosemekana ni za wauza dawa, wakasema namba tu na tetesi haitoshi, polisi lazima wawe na sababu ya msingi ya kumshuku mtu kabla hawajampa nafasi ya kutenda kosa, na wakaanza kusoma mazungumzo mstari kwa mstari kutafuta ni neno gani lililoleta hiyo sababu na kama lilikuja kabla ya ombi. Mmoja hukumu yake ikabaki, mwingine kesi ikasimamishwa, tofauti yao ni sentensi chache kwenye simu. Wanakubali pia kwamba polisi wanaweza kuchunguza eneo lenye uhalifu bila kumjua mtu, ila eneo liwe limebanwa, sio mji mzima. Manzese yote ni eneo lililobanwa? Miamvuli yote ya upande ule wa daraja? Mi naona Serikali inaweza kupita hapo kwa ujumbe wa Jumatatu, ule wa kwanza tu, kuuliza sio dhambi. Wakishajibiwa "hatuuzi", shaka yao juu ya huyu mtu imepungua badala ya kuongezeka, na walichofanya ni kuongeza dau.

Sawa, tumezunguka dunia, turudi Kisutu maana hakimu wetu hatahukumu kwa sheria ya Kanada. Silaha zilizopo hapa ni zipi? Ya kwanza ni kifungu ambacho wengi tunakijua kama 169 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20. Ushahidi ukipatikana kwa kuvunja ile sheria au sheria nyingine yoyote, na ukapingwa, mahakama haitaupokea mpaka iridhike kwamba kuupokea kuna faida kubwa na mahususi kwa maslahi ya umma bila kukandamiza isivyostahili haki za mtu. Zuri sana hilo, ila lina mlango mwembamba, lazima uonyeshe sheria iliyovunjwa. Mtego wenyewe sio lazima uwe umevunja sheria. Kwa hiyo wakili asiyejiandaa atasimama aseme "mheshimiwa tunapinga, alitegwa", atakaa. Aliyejiandaa ataanza kuuliza vitu vidogo. Simu ya dogo ilichukuliwaje, hati ya kukamata mali ilijazwa palepale stendi au kituoni, nani alishuhudia? Alifunguliwa neno la siri au alilazimishwa? Maelezo ya onyo yaliandikwa ndani ya saa nne toka akamatwe? Laini ilipita mikono ya nani mpaka ikafika kwenye bahasha? Akipata uvunjaji mmoja wa kweli, hapo ndo anaingiza mtego wote kama sehemu ya kupima maslahi ya umma dhidi ya haki, pamoja na Ibara ya 13 ya Katiba kuhusu kusikilizwa kwa haki na ya 16 kuhusu faragha.

Ya pili, na kwangu ndo kubwa, ni chati yenyewe. Upande wa mashtaka utaleta skrinishoti, na zitaanzia wapi? Jumamosi. "50. Nakutumia nusu saivi", "Dada utaniponza ww", "Ngoja nione", picha ya laini, "nishafika Mawasiliano". Ukisoma hizo peke yake dogo ni mfanyabiashara mzoefu anayeringa kidogo. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa hazipo. Labda sio kwa nia mbaya, mpelelezi kapiga picha kinachothibitisha kosa, ndo kazi yake anavyoielewa. Hapa sasa inaingia Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, ambacho kinaruhusu data kuwa ushahidi lakini uzito wake unapimwa kwa jinsi ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na kutumwa kwa namna ya kuaminika, ukamilifu wake ulivyolindwa, na aliyeituma alivyotambuliwa. Mazungumzo yaliyokatwa kichwa yana ukamilifu gani? Na pingamizi linatolewa pale kielelezo kinapoletwa, kabla hakijapokelewa, usingoje rufaa ndo ukumbuke. Kikishapokelewa kinatakiwa kisomwe kwa sauti mahakamani, na hapo naomba wakili wa dogo ahakikishe inasomwa yote, pamoja na "pole sana dada angu kitambulisho sio lazima", maana hiyo sentensi peke yake inamwonyesha kijana anayemsaidia mtu afuate njia halali.

Shida ni kwamba dogo mwenyewe kaifuta. Ndio. Alipoandika "ngoja nione" roho ilimwuma, akafuta ujumbe wa nyuma wote ili asije akaonekana, na hivi ndo wanavyofanya karibia wote, wanafuta kile ambacho kingewaokoa wanabaki na kile kinachowafunga. Sasa chati nzima ipo sehemu moja tu, simu ya askari. Kwa hiyo kabla kesi haijaanza kusikilizwa wakili lazima aombe hiyo simu ya mtego iletwe, sio karatasi, simu. Kule Marekani mwaka 2000 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa ilifuta hukumu ya mtu aliyekuwa kapigwa miezi 121 jela baada ya kuandikiana kwa barua pepe kwa miezi na ajenti aliyejifanya mwanamke, na majaji walifika hapo kwa kuzisoma barua moja baada ya nyingine, nani alilitaja jambo la haramu kwanza, nani alikuwa anazungumzia ndoa, nani alirudisha mazungumzo kulekule kila yalipotoka. Kosa lililokuwa linachunguzwa kule ni zito mara mia kuliko laini ya simu na bado walisoma kuanzia barua ya kwanza. Zingekuwepo za mwisho tu yule mtu asingetoka.

Nadhani itaishaje? Nikiwa mkweli, hapa kwetu dogo akiwa na wakili wa kawaida anatiwa hatiani, na zile "hapana" zake zinaingia kwenye kupunguziwa adhabu, pengine anapigwa faini au anaachiwa kwa masharti kama hana rekodi. Akiwa na wakili aliyeipata simu ya askari na kumbukumbu za mashine zikawa safi, kuna pambano la kweli kwenye 169, na ningependa kuliona linafika Mahakama ya Rufani maana majaji wa pale wakilisemea vizuri jambo hili la mitego ya simu tutaacha kubahatisha. England mimi naona kesi ingesimamishwa. Sio kwa sababu Waingereza wana huruma, kwa sababu askari alirudi Jumatano.

Kuna mtu tumemsahau, mama muuza mchicha. Kwenye kesi nyingine za mtego mzigo ni wa askari, hela ya askari, hamna anayeumia. Hapa kidole cha mtu ambae hayumo kimetumika ili Serikali ipate kielelezo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika Mei 2023 inazihesabu alama za kidole kama kitu cha kulindwa, sasa anayemdai ni nani, dogo peke yake? Akibonyeza *106# ataikuta laini ya mtandao asioutumia inasoma jina lake, na hawezi kuifuta kirahisi maana ipo kwenye bahasha ya polisi inasubiri ushahidi. Yeye ataitwa kama shahidi wa Jamhuri. Na wakili wa utetezi kama anajua kazi yake atamuuliza swali moja tu kwa upole, "Mama, isingekuwa yule dada wa WhatsApp, unafikiri siku ile ungeambiwa uweke kidole mara ya pili?" Wakili wa Serikali atasimama kupinga kwamba shahidi anaulizwa kukisia, na nadhani hakimu atalikataa hilo swali, lakini litakuwa limeshasikika.